Kabla Hujapiga Kiki: Ushauri kwa Wapanda Pikipiki wa Tarime na Serengeti

Swali ni lilelile kila mara. Kijana ananisimamisha stendi ya Tarime, au mama ananipigia simu kutoka Mugumu kwa kuwa mwanawe ameuza mahindi na fedha zinamuwasha mfukoni. Wote wanauliza: "Mzee, pikipiki gani nzuri?" Nikishajibu hufuata la pili, kwa sauti ya chini: "Na wewe umewezaje kupanda miaka yote hii ukabaki na miguu yako?"

Nimepanda tangu 1986. Nilianza nikiwa bwana mifugo, sanduku la baridi la chanjo limefungwa nyuma, nikizunguka maboma ya milima ya Tarime na kuvuka Mto Mara kwenda vijiji vya Serengeti. Kazi nimestaafu, pikipiki bado. Nimeanguka mara nne. Kila nikirudi kuyapima maanguko hayo, naona kosa lilifanyika kabla sijapiga kiki: tairi nililoliona limepungua upepo nikasema nitalijaza mbele ya safari, koti nililoliacha msumarini, saa niliyochelewa kuondoka.

Kwa hiyo jibu langu ni moja: safari ya pikipiki huamuliwa ikiwa bado imesimama. Watu husema ajali haina kinga, na wengine wameyaandika maneno hayo kwenye madigadi. Nawaomba tuyafute. Kinga ipo, na sehemu kubwa yake iko mikononi mwako kabla hujawasha.

## Kuchagua: anza na njia, si rangi

Ukiniuliza pikipiki gani, nakuuliza utapita wapi na utabeba nini. Barabara kuu ya kutoka Musoma kupitia daraja la Kirumi na Tarime hadi Sirari ni lami. Tarime hadi Mugumu kupitia Nyamwaga na Nyamongo ni karibu kilomita 90 za milima, malori na vumbi, na lami yake imekuwa ikiwekwa kipande kwa kipande. Ukitoka Mugumu kuelekea Natta na Ikoma, unakutana na udongo mweusi na wanyama. Pikipiki moja haitazipenda njia hizi zote sawasawa.

Mimi nilianza na Yamaha DT 125, iliyokunywa oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa bluu nyuma yetu. Baadaye nilipewa Honda XL 125, ndefu, nyepesi kwenye njia za ng'ombe. Siku hizi mikono ya mafundi wetu imezoea zaidi Boxer na TVS. Pima hivi:

- Abiria na mizigo ya kawaida: pikipiki ya cc 100 hadi 150 inatosha. Chagua ile ambayo vipuri vyake vinapatikana hadi duka la kijijini.
- Njia mbaya, ukiwa peke yako: tafuta yenye madigadi ya mbele iliyokaa juu, mbali na tairi, na matairi ya meno makubwa.
- Kimo chako: kaa juu yake. Nyayo zako zote mbili zikanyage chini. Ukisimama kwenye mteremko wenye kokoto na mguu hauifikii ardhi, utalala nayo.
- Fundi wako: kabla ya kulipa, muulize fundi wa kijijini kwako bei ya klachi, kebo, tyubu, na seti ya cheni na sproketi. Asipovijua vipuri hivyo, achana nayo.

"Lakini Mzee, cc kubwa ina nguvu mlimani." Ni kweli. Ila milima yetu haijaishinda cc 125 yenye klachi nzima na mzigo wa haki. Fedha unayotaka kuongeza kwenye cc, nunulia helmeti na matairi mazuri.

## Ukinunua iliyotumika

1. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini. Ukiikuta ina joto, jiulize ni nini kilichofichwa kwenye baridi.
2. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.
3. Simama nyuma hatua tano. Magurudumu yakae kwenye mstari mmoja. Yakipishana, pikipiki hiyo imewahi kugonga.
4. Iwashe. Moshi wa bluu kwenye pikipiki hizi za sasa ni oili inayoungua ndani.
5. Ivute cheni kwa vidole nyuma ya sproketi kubwa. Ikinyanyuka hadi ukaona mwanga kati yake na meno, hesabu gharama ya seti mpya.
6. Jina lihamie kwako TRA kabla shilingi ya mwisho haijatoka mkononi.

Tuko mpakani, na hili nalisema kwa uchungu. Ukiletewa pikipiki ya bei ya kutupa iliyopita njia ya panya, bila nyaraka, usiiguse. Siku itakapokamatwa utapoteza pikipiki, fedha na pengine uhuru wako, na aliyekuuzia hutamwona tena.

## Mavazi: ngozi yako si ya akiba

Anguko langu la pili lilikuwa la mwendo mdogo, kama kilomita 30 kwa saa, kwenye moramu, nikiwa na shati la mikono mifupi. Nilienda "hapa karibu tu". Nesi aliniosha kiwiko kwa brashi, akatoa changarawe moja moja, na kila moja ililia ikidondoka kwenye sahani ya chuma. Nilizihesabu hadi kumi na saba, nikaacha. Tangu siku hiyo sijapanda bila mikono mirefu, hata kwenda dukani.

- Helmeti. Ikae sawasawa kichwani. Funga mkanda, kisha jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka nyuma. Ikitoka, ni kofia tu. Ikishapata pigo kubwa, itupe hata kama haina ufa, kwa sababu povu la ndani hufanya kazi mara moja. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba helmeti iliyovaliwa vizuri hupunguza sana hatari ya kifo.
- Koti. Zito, la jinsi au ngozi, lenye mikono. Asubuhi za Juni na Julai huku milimani, tandika gazeti kifuani ndani ya koti. Upepo hautapita.
- Glavu. Mtu akianguka, mkono ndio hutangulia.
- Viatu. Buti inayofunika kifundo cha mguu. Kandambili na yeboyebo ni za nyumbani. Makatambuga ni imara, lakini hayafuniki vidole.
- Kizibao cha kung'aa. Usiku dereva wa lori hakuoni wewe, anakiona hicho.

Najua pingamizi. "Helmeti ina joto." Joto huisha ukisimama kivulini. "Abiria wanaikataa, inanuka." Wana haki. Ianike juani kila siku, ifute kwa kitambaa chenye sabuni, na uwe na vitambaa safi vya pamba vya kuvaa ndani yake. Abiria akiona unajali kichwa chake, kesho atakupigia simu wewe.

## Dakika tano za asubuhi

Fanya kwa mpangilio uleule kila siku, mpaka mikono iujue yenyewe.

1. Matairi. Mara moja kwa wiki pima kwa geji. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150, mbele ni karibu psi 25 na nyuma psi 28 hadi 32, na nyuma huongezwa ukibeba abiria. Fuata kibandiko au kitabu cha pikipiki yako. Siku nyingine bonyeza kwa dole gumba, na utafute misumari na miiba.
2. Oili. Pikipiki isimame wima, kisha tazama kidirisha au kijiti. Kwa kazi ya kutwa nzima, mimi hubadili kila kilomita 2,000.
3. Cheni. Isukume juu na chini katikati. Kwa boda za kawaida, icheze kama sentimita mbili hadi tatu. Ikikaza sana hukatika, ikilegea huchomoka na inaweza kufunga gurudumu ukiwa kwenye mwendo.
4. Breki. Sogeza pikipiki hatua mbili, bana ya mbele. Sogeza tena, kanyaga ya nyuma.
5. Kebo. Tazama ncha za kebo ya klachi. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika, badili leo.
6. Taa. Ya mbele, indiketa, na zaidi ya zote taa ya breki.
7. Spoku na nati. Gonga spoku kwa spana ndogo, moja baada ya nyingine. Zilizokaza hulia kwa mlio mmoja. Inayojibu kwa sauti nzito imelegea.

"Mzee, abiria ananisubiri na bosi anataka hesabu." Nakuelewa. Lakini cheni ikikatika Nyamwaga, siku nzima imekwenda, na hesabu ya bosi haijapungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kosa la kawaida: kusahau chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eya klina. Vumbi letu huliziba upesi, injini ikakosa pumzi na kula petroli. Kama ni la sponji, lioshe kwa maji ya sabuni, likaushe, lipake matone machache ya oili na ulikamue. La karatasi halioshwi, hubadilishwa.

Chini ya kiti weka: spana ya plagi, spana za 10, 12 na 14, plaizi, plagi ya akiba, tyubu moja, viraka na gundi, kipande cha waya, vipande vya mpira wa tyubu kuukuu. Pampu ndogo na tochi pia. Vilinitosha miaka yote hii.

## Kwenye njia zetu

Vumbi na kokoto. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Legeza mikono, tazama mbali, acha gurudumu la mbele licheze kidogo. Lori likikutangulia kuelekea Nyamongo, usimeze vumbi lake ukitafuta nafasi ya kupita. Simama, acha vumbi litulie, kunywa maji. Walioingia gizani mwa vumbi wakitegemea bahati, wengine hawakutoka.

Breki ya mbele. Wengi huiogopa na kutumia mguu tu. Kwenye lami kavu, ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Ibane polepole ukiongeza, pikipiki ikiwa imenyooka. Kwenye kokoto itumie kwa vidole viwili tu, na kamwe usiikamate ghafla ukiwa umelala kwenye kona.

Mashukio. Kuna mchezo wa kuzima injini na kushuka kwa fri ili kuokoa petroli. Uache leo. Ngoma za breki hupata joto, zikachoka, na chini kuna kona. Shuka na gia ya pili au ya tatu. Injini ndiyo breki yako ya kwanza mlimani.

Ukungu. Asubuhi za Tarime kioo cha helmeti hujaa ukungu kwa ndani. Usiku, pakaa sabuni kidogo ndani ya kioo, iache ikauke, kisha ifute kwa kitambaa kikavu mpaka usiione. Kesho pumzi yako haitaganda.

Lami ya mvua ya kwanza. Dakika za mwanzo mvua huinua oili na vumbi, barabara inakuwa kama bamia. Simama mahali ujikinge, mvua iioshe kwanza.

Udongo mweusi. Huu ndio mwalimu wangu mkubwa. Ukilowa hushika tairi, hujaa chini ya madigadi, mpaka gurudumu la mbele linagoma kabisa. Utasukuma hatua kumi, utachokora tope kwa kijiti, utasukuma tena kumi. Jasho linachuruzika, na buti kila moja ina uzito wa jembe. Ushauri:

- Pita kwenye majani ya pembeni, si katikati ya njia iliyokorogwa.
- Gia ndogo, mafuta kidogo, miguu tayari.
- Chukua kijiti kigumu kabla hujaingia.
- Kama jua limetoka, ngoja saa mbili. Mara nyingi njia itakuruhusu yenyewe.

Mito. Mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zilipojaza kila korongo, nilitazama kijito nilichokivuka wiki iliyotangulia nikasema, "Hiki nakijua." Nilikuwa nakijua kikiwa kingine. Katikati injini ilizima, maji yakanifika mapajani, na sanduku la chanjo likaelea. Wachunga ng'ombe wawili ndio waliotutoa, mimi na pikipiki. Tangu hapo nina sheria tatu:

1. Maji yanayokimbia na huoni chini, usivuke. "Mura, mto haukujui," mzee mmoja wa wale waliotuvuta aliniambia.
2. Maji yaliyotulia, yavuke kwanza kwa miguu na fimbo.
3. Injini ikizima ndani ya maji, usipige kiki. Itoe nje, fungua plagi, kisha piga kiki maji yatoke, ndipo uirudishe.

## Ng'ombe, nyumbu na tembo

Huku wenye njia ni wanyama. Sisi tumeazima.

- Ng'ombe: simama pembeni, punguza mlio wa injini, mwachie mchungaji kazi yake. Honi nyuma ya kundi humfanya fahali ageuke.
- Mbuzi: akivuka mmoja, hesabu wengine wanakuja hata kama huwaoni.
- Nyumbu: kati ya Natta na Ikoma, msimu wa kuhama kwao, hukimbia mstari baada ya mstari. Usitafute mwanya kati ya wawili. Ngoja wa mwisho, kisha ngoja kidogo tena.
- Tembo: ukimwona njiani, simama mbali, geuza pikipiki itazame ulikotoka, na usipige honi wala kuunguruma. Tembo akiwa na mtoto, rudi. Kufika umechelewa si aibu.

Jambo moja wageni huniuliza kila mara: je, naweza kukatiza Hifadhi ya Serengeti kwa pikipiki nifike Arusha? Hapana. Pikipiki haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Kama unataka kwenda Arusha, zunguka kupitia Shinyanga na Singida. Ni mbali, lakini kule ndani hakuna chuma kati yako na simba.

## Abiria na mzigo

- Abiria mmoja. Mishikaki huua. Pikipiki yenye watu watatu haisimami pale unapoitaka isimame.
- Kanga na kitenge. Kabla hujaondoka, mwombe mama kwa heshima akusanye nguo yake na kuibana mapajani. Nguo ikinaswa na spoku humvuta mtu chini kwa sekunde moja. Kama pikipiki yako ina chuma cha kinga pembeni mwa gurudumu la nyuma, usiking'oe ili upate pa kufungia gunia.
- Kukaa upande. Ni desturi, lakini ni hatari kwenye mashimo. Mweleze mapema, si mkiwa njiani.
- Mtoto. Asikae juu ya tangi mbele yako. Ukibana breki, kifua chake ndicho hugonga usukani.
- Magunia na mikungu ya ndizi. Uzito ukae karibu na mgongo wako, chini, si nyuma ya taa. Ukiona usukani umekuwa mwepesi, mzigo umezidi.

## Jua likizama

Kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, ng'ombe wanarudi, walevi wanatoka vilabuni, na malori yasiyo na taa za nyuma bado yanatembea. Kwa kazi yangu nilijiwekea mpaka: saa kumi na moja kama sijafika ng'ambo ya Mto Mara, nalala huku niliko. Nimelala kwenye maboma mengi kwa sheria hiyo, nikala ugali wa watu wengi wema. Sijutii usiku hata mmoja.

Ukilazimika kwenda usiku, mwendo wako uwe ule unaoweza kusimama ndani ya mwanga wa taa yako. Zaidi ya hapo unakimbilia usichokiona.

## Mwenzako akianguka

1. Zuia magari kwanza, pande zote mbili.
2. Usimvue helmeti kwa nguvu kama anapumua.
3. Usimkunje juu ya pikipiki nyingine katikati ya watu wawili. Uti wa mgongo uliovunjika huharibiwa zaidi hivyo. Tafuta gari, mlaze kwenye ubao au mlango.
4. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi, usiachie.
5. Piga 112.

Kijiwe chenu kichague watu wawili wajifunze huduma ya kwanza. Siku watakapohitajika, mtajua thamani yao.

## Mahali pa funguo

Mnaniambia mambo haya ni mengi, mtayasahau. Basi nawapa moja la kuanzia, lisilohitaji fedha wala fundi. Nyumbani kwangu, funguo ya pikipiki hailali mezani wala mfukoni. Inalala ndani ya helmeti, na helmeti imewekwa juu ya glavu, na koti liko kwenye msumari juu yake. Siwezi kuichukua funguo bila kuvishika vyote vitatu. Hata siku mtu amekuja analia kuwa ng'ombe wake anakufa, mkono wangu unakutana na kinga kabla haujakutana na pikipiki.

Leo jioni ukirudi, weka yako hivyo.